Maswali ya Wasomaji: Safari ya Kurudi Haiishii Nairobi

Likizo za ng'ambo zinapomalizika, tunapokea barua nyingi za wasomaji wa Lamu na Malindi waliorudi nyumbani wakiwa taabani. Mwezi huu tumechagua tatu, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu mashaka yake ndiyo yanayowapata wengi.

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mama wa makamo, mkaazi wa Langoni, Lamu. Mwaka jana mimi na mume wangu tulikwenda Toronto kumtembelea mwanetu na wajukuu, na tulikaa vizuri mno. Taabu ilikuwa marejeo. Tuliondoka Toronto usiku, tukabadilisha ndege Istanbul, tukatua Nairobi usiku wa manane, na asubuhi ile ile tukakimbilia uwanja wa Wilson ili tuwahi ndege ya Manda. Mizigo yetu ilizidi uzito, ndege ikatuacha, na tulipofika Lamu siku ya pili miguu yangu ilikuwa imefura hata viatu havinivai. Baada ya hapo nilikuwa nikikesha usiku na kusinzia mchana, na mume wangu, ambaye ana maradhi ya sukari, alichanganyikiwa na saa za kudunga insulini. Mwaka huu tumealikwa tena. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini nataka kujua marejeo hayo niyapange vipi. Je, tuendelee moja kwa moja ili tufike upesi, au tulale Nairobi? Na sala zetu ndani ya ndege tuzisali vipi?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, mama, na shikamoo. Laleni Nairobi usiku mmoja kamili, na gharama ya chumba hicho iingizwe katika hesabu ya safari tangu siku ya kununua tiketi, kama sehemu ya nauli. Watoto wetu walioko ng'ambo hutafuta tiketi ya hadi Nairobi kwa uangalifu mkubwa, wakalinganisha bei na muda wa kubadilisha ndege, kisha kipande cha kutoka Nairobi hadi Lamu wakakiacha kijipange chenyewe. Kwa mtu wa Nairobi hilo halina madhara, kwa kuwa akitoka nje ya uwanja amefika. Kwa mtu wa Langoni, kutua Nairobi ni kuwa njiani bado, ilhali mwili na akili vimekwisha choka, na karibu mashaka yote mliyoyapata yalitokea hapo.

Fikiri yanayowangoja mkishuka. Kwa kuwa Nairobi ndipo mnapoingilia nchini, pasipoti hukaguliwa hapo, masanduku huchukuliwa hapo na forodha hupitiwa hapo, hata kama mna tiketi ya kuendelea hadi mji mwingine wa Kenya. Mifuko ya plastiki ya madukani, ikiwemo ile ya maduka ya viwanja vya ndege, imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo vitu vyenu vihamishieni katika mkoba wa kitambaa kabla ya kufika. Baada ya hayo ndipo huanza mwendo wa kuvuka jiji, kwani ndege nyingi ndogo za Lamu huondokea Wilson, karibu na Barabara ya Lang'ata, wakati nyinyi mmetua Jomo Kenyatta kule Embakasi, na foleni ya magari ya asubuhi haimjui msafiri. Kuna ndege za Lamu zinazoondokea Jomo Kenyatta kwenyewe, nami ningezitafuta hizo kwanza.

Suala la uzito ndilo linalowakwamisha wengi. Kampuni nyingi zinazoruka kutoka Kanada humruhusu abiria masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, ilhali ndege ndogo ya Lamu kwa kawaida huruhusu kilo 15, tena katika mkoba laini. Hesabu hizo mbili haziwezi kukutana kwenye mizani. Ninavyoona mimi, masanduku makubwa yapelekwe kwenye basi kama vifurushi hadi Mokowe, yakiwa na jina na nambari ya simu ya kijana wa nyumbani atakayeyapokea na kuyavusha kwa boti, nanyi mpande ndege na mikoba midogo yenye dawa, hati na nguo za siku mbili. Tena mkumbuke kwamba tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni mikataba miwili: ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina wajibu wa kuwasubiri wala kuwarudishia nauli. Usiku mmoja wa Nairobi unawapa nafasi ya kukabili hayo yote mkiwa mmeoga, mmekula na mmelala.

Ndege ikitua Manda bado kuna maji ya kuvuka. Mwambieni atakayewapokea aangalie kupwa na kujaa kwa siku hiyo, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yakipwa, boti hukaa chini sana na ngazi za gati huwa ndefu na zenye utelezi. Mtu aliyefura miguu asizipande akiwa amebeba kitu mkononi. Mkiwa na nafasi ya kuchagua kati ya ndege mbili, chagueni itakayowafikisha maji yamejaa.

Sasa kuhusu kukesha. Katika ubongo kuna sehemu ndogo inayoongoza saa ya mwili, nayo hupanga lini tusinzie, lini joto la mwili lishuke na lini tuone njaa. Ugunduzi wa namna saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe hai ndio uliowapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Saa hii hurekebishwa hasa na mwanga, nayo haikubali kuharakishwa. Kwa wastani hujisogeza kama saa moja kwa siku. Wakati wa kiangazi cha Kanada, Toronto iko nyuma ya Lamu kwa saa 7, na wakati wa baridi kwa saa 8. Kwa hiyo, tukichukua tofauti ya saa 7, adhana ya alfajiri inapolia Lamu, mwili wako unaamini kwamba ni saa nne za usiku na ndiyo kwanza unataka kulala. Na unapopanda kitandani saa nne za usiku, mwili unaona kwamba ni saa tisa za alasiri. Hukuwa na ugonjwa wowote, mama. Ulikuwa unaishi Lamu kwa saa za Toronto.

Kwenda upande wa mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi, kwa sababu saa ya mwili kwa watu wengi ina mzunguko unaozidi saa 24 kidogo, hivyo huona wepesi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Ndiyo maana wasafiri wengi hufika Kanada wakazoea haraka, kisha wakashangaa kuona nyumbani kwao wenyewe kunawakataa.

Hapa niseme jambo ambalo wengi huambiwa kinyume chake. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba mtu akifika atoke juani asubuhi na mapema. Kwa anayetoka Toronto, ushauri huo unaweza kudhuru katika siku za mwanzo. Mwanga unaoingia machoni kabla ya joto la mwili kufika chini kabisa huirudisha saa ya mwili nyuma, na unaoingia baada yake huivuta mbele. Joto hilo hufika chini kabisa takriban saa mbili au tatu kabla ya wakati ambao mtu amezoea kuamka. Kwa aliyezoea kuamka saa moja ya asubuhi huko Toronto, ni kama saa kumi au kumi na moja za usiku za huko, ambazo kwa Lamu ni saa tano au sita za mchana. Kwa hiyo, katika siku mbili za kwanza tangu kutua, epukeni mwanga mkali mpaka adhuhuri, na nyumba zetu za mawe zenye kuta nene na vyumba vya ndani vyenye kiza zinafaa mno kwa kazi hiyo. Baada ya sala ya adhuhuri tokeni, mkae barazani au mtembee ufukoni mpaka alasiri iishe. Kila siku inayofuata sogezeni wakati wa kutoka uwe mapema zaidi kwa saa moja au moja na nusu, mpaka mtakapofikia jua la asubuhi.

Mchana mkizidiwa, pateni lepe la usingizi la nusu saa na msivuke hapo. Kahawa iachwe baada ya adhuhuri, hata ile ya jioni barazani ambayo najua ni vigumu kuikataa. Vidonge vya melatonini, ambayo ni homoni inayotolewa na mwili wenyewe giza likiingia, vimechunguzwa kwa wasafiri wanaovuka kanda 5 za saa au zaidi kuelekea mashariki na vimeonekana kusaidia, kwa kipimo kidogo kati ya nusu miligramu na miligramu 5 wakati wa kulala wa mahali mnapofikia. Kanada huuzwa madukani bila cheti cha daktari. Hata hivyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye kifafa asivimeze kabla ya kumwuliza daktari wake, na mume wako naye aulize, kwa kuwa ana dawa nyingine anazotumia.

Desturi yetu ya kumlaki msafiri ni njema, na sitaki ipotee. Ninachowaomba jamaa wa msafiri ni waje alasiri, wakae naye barazani kwenye mwanga wa jua, wamzungumzishe asilale kabla ya wakati, kisha ikifika isha wamwache. Kumkusanyikia mtu aliyetoka mbali mpaka usiku wa manane, huku yeye akitabasamu kwa haya, ni kumrefushia safari.

Miguu kufura yote miwili baada ya safari ndefu ni jambo la kawaida, kwa kuwa maji ya mwili hushuka chini mtu akikaa bila kutembea, na uvimbe huo huisha kwa kulala miguu ikiwa juu ya mto. Jambo la kuogopa ni damu kuganda katika mshipa wa mguu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili kwa anayesafiri saa 4 au zaidi akiwa ameketi, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, yaani kama mtu 1 kati ya 6,000. Chagua kiti cha kando ya njia, inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umeketi, na kunywa maji. Soksi za kubana zinazofika chini ya goti husaidia. Mguu mmoja ukifura peke yake, ukawa na maumivu na joto, au ukapata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni wiki kadhaa baada ya kurudi.

Insulini ya mume wako isiingie kamwe katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu huko inaweza kuganda kwa baridi na ikaharibika, na sanduku lenyewe linaweza kupotea. Ibebeni mkononi pamoja na barua ya daktari. Sheria ya mililita 100 ya vitu vya majimaji haizuii dawa zinazohitajika safarini. Kwa kuwa safari ya mashariki huifupisha siku yenu kwa saa 7 au 8, akifuata saa ya Lamu mara tu anapofika, dozi mbili za insulini ya muda mrefu zitakaribiana na sukari inaweza kushuka kwa hatari. Namna ya kuzirekebisha ni kazi ya daktari wake, na ratiba hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla hamjaondoka Lamu. Mpaka mtakapofika, saa yake ya mkononi ibaki kwenye majira ya Toronto, na asikose kitu cha sukari mfukoni.

Kuhusu sala, katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, msafiri ana ruhusa ya kuijumuisha adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, lakini alfajiri husaliwa peke yake kwa wakati wake. Hiyo ndiyo inayowaponyoka wasafiri, kwani ndege inayoondoka Toronto usiku kuelekea mashariki hulikimbilia jua, na alfajiri huingia mkiwa bado juu ya bahari baada ya usiku mfupi sana. Mwombeni mhudumu awaamshe. Namna ya kuisali pasipo nafasi ya kusimama, na kama itapaswa kurudiwa, mwulizeni sheikh wenu kabla ya kusafiri.

Mwisho, mwambieni mwanenu aombe kiti cha magurudumu kwa kampuni ya ndege angalau saa 48 kabla. Huduma hiyo hailipiwi. Wazee wetu wengi huona haya kuiomba, wakatembea vyumba virefu vya viwanja vikubwa mpaka magoti yakawasaliti, na mimi sioni aibu yoyote kwa mtu wa umri wenu kusukumwa hadi mlango wa ndege.

SWALI: Mhariri, nilikwenda Manchester kwa ami yangu. Wakati wa kurudi ndege ilichelewa sana kuondoka, nikakosa ndege ya kuunganisha, nikafika Nairobi siku ya pili na sanduku halikuonekana. Nilikuwa nimechoka, nikapanda basi hadi Malindi bila kumwambia mtu. Sasa kampuni inaniambia kwamba hakuna rekodi. Je, nina haki yoyote?
Kijana wa Maweni, Malindi

JIBU: Unayo, lakini fanya haraka. Kenya imeridhia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia mizigo katika safari za ndege za kimataifa. Sanduku likiharibika, malalamiko ya maandishi yawasilishwe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea; likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa; na lisipofika kabisa siku 21 zikapita, unaweza kulidai kama lililopotea. Kesi yenyewe ina muda wa miaka 2. Kiwango cha juu cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, ambavyo thamani yake ni takriban dola 2,000 za Marekani.

Kutoripoti uwanjani kumekudhoofisha kwa upande wa ushahidi tu, wala hakujaifuta haki yako. Andika barua leo kwa kampuni iliyokuleta Nairobi, uambatishe nakala ya tiketi na ile karatasi ndogo yenye nambari ya sanduku, ambayo kwa kawaida hubandikwa nyuma ya kibali cha kupandia ndege. Orodhesha vilivyokuwemo, na risiti za vitu vya lazima ulivyonunua kwa kukosa sanduku zihifadhi. Sanduku likipatikana, sisitiza lifikishwe Malindi, usikubali kuitwa Nairobi kulichukua kwa nauli yako.

Kuna dai la pili ambalo hukuliuliza. Ndege inayoondoka Uingereza inasimamiwa na sheria ya huko bila kujali kampuni ni ya nchi gani, na safari inayozidi kilomita 3,500 ikimfikisha abiria mwisho wa safari akiwa amechelewa kwa saa 4 au zaidi, kwa sababu iliyokuwa ndani ya uwezo wa kampuni, fidia yake ni pauni 520. Mradi safari zote zilikuwa katika tiketi moja, kuchelewa huhesabiwa kwa wakati uliofika Nairobi. Hali mbaya ya hewa huiondolea kampuni wajibu huo, kwa hiyo waulize kwa maandishi chanzo cha kuchelewa kilikuwa nini.

Kwa vijana wengine wanaosoma haya: mtu asitoke katika ukumbi wa mizigo bila karatasi ya ripoti yenye nambari, hata basi lake likiwa linapiga honi nje.

SWALI: Tulikuwa Milano kwa wazazi wa mume wangu tangu mwanzo wa mwaka, tukarudi wakati wa kiangazi cha huko kwa ndege ya usiku hadi Mombasa, kisha tukaja Malindi kwa gari. Saa za huko na za hapa zinapishana kwa saa moja tu, lakini mimi na mwanangu wa miaka minne tulichoka kama tuliotoka Marekani. Kwa nini?
Mama wa Muyeye, Malindi

JIBU: Kwa sababu uchovu wa safari na kuvurugika kwa saa ya mwili ni mambo mawili tofauti, nanyi mlipata la kwanza peke yake. Hewa ndani ya ndege ni kavu sana, na mgandamizo wake ni kama wa mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani kwa mtu wa Malindi ni sawa na kupandishwa Nairobi au juu zaidi na kuketishwa huko usiku kucha bila kulala. Ongeza mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, na mwili una kila sababu ya kulalamika. Uchovu wa namna hii huisha kwa maji ya kutosha, chakula chepesi na usiku mmoja au miwili wa kulala kwa saa zenu za kawaida. Hakuna haja ya vidonge.

Ninachotaka ukitazame zaidi ni huyo mtoto. Amekaa miezi kadhaa mahali pasipo na malaria, na mtoto wa umri wake kinga yake ni ndogo hata asingesafiri. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Akipata homa katika wiki au miezi inayofuata, usiseme ni uchovu wa safari wala mabadiliko ya hewa; mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba mlikuwa Italia na tarehe mliyorudi.